Mama Rudufu na Neno Alilotaka Kutuambia

Picha ya dada yetu mnayoiona mbele ya ratiba hii ya mazishi ni ya kitambulisho cha kazi. Amenuna kidogo, na waliomfahamu wanajua hakuwa mtu wa kununa. Mtuvumilie, sababu mtaisikia hapa hapa.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili wa karani wa reli na mama fundi cherehani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana. Tangu utotoni alikuwa mtu wa tahadhari. Mtihani ukifika alibeba kalamu mbili, moja mfukoni, nyingine kwenye soksi. Wenzake walimcheka mpaka kwenye mtihani wa mwisho, ya mfukoni ilipogoma, akainama na kuvuta soksi mbele ya msimamizi bila haya yoyote.

Mwaka 1993 aliajiriwa na shirika la maji kama karani wa kuingiza kumbukumbu za wateja kwenye kompyuta. Alijiendeleza kwa masomo ya jioni, na mwaka 1997 akakabidhiwa chumba cha seva, zile kompyuta zinazobeba kazi ya shirika zima. Yeye ndiye aliyezilinda, aliyeziwekea programu, na aliyehakikisha kila kitu kina nakala rudufu katika jengo jingine. Ndipo wenzake walipombandika jina la Mama Rudufu. Mkurugenzi mmoja aliwahi kumletea programu aliyopewa na rafiki yake, akataka iwekwe hapo hapo. Marehemu alimjibu kwa adabu zote, "Bosi, tuijaribu kwanza kwenye mashine tupu. Humu hata mimi naingia kwa kupiga hodi." Ilikutwa imejaa virusi. Na bomba lilipopasuka darini, seva za shirika la maji zikaloa chapachapa kwa maji ya shirika lenyewe, nakala zake ndizo zilizowaokoa. Alikuwa na sharti moja asilolegeza: kila neno la siri lijulikane na watu wawili. "Mmoja akiugua, mwenzake afungue," alikuwa akisema.

Mumewe, fundi seremala, alimpata kwenye mlango wa chumba hicho hicho, alipoitwa kuubadilisha. Kwa kuwa mgeni haachwi peke yake na seva, marehemu alimsimamia tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho. "Nikadhani nimependwa," shemeji yetu husimulia, "kumbe nalindwa nisiibe!" Walifunga ndoa tarehe 15 Agosti 1998, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Siku alizobaki nyumbani hakukaa bure. Albamu za familia zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo akaziokoa picha moja moja kwenye kompyuta: harusi yao, watoto wakiota meno, hata kanda yenye sauti ya marehemu baba yetu akiimba akinyoa ndevu. Simu za nyumbani zikijaa, alihamisha picha zake na za wengine akaziweka humo pia. Vyote akavifungia kwenye diski, na kama kawaida yake akatengeneza mbili, moja nyumbani, nyingine kwa mama. Akaziwekea ulinzi ule ule wa kazini.

Kisha akatafuta mtu wa pili wa kumwambia neno la siri. Hapo ndipo tulipomwangusha. Alianza mezani, "Njooni niwape neno la kufungulia." Binti yake akaziba masikio, "Mama, usituletee uchuro!" Mwanawe akasema atalisikia siku nyingine. Mumewe akacheka, "Kwani unakwenda wapi mpaka utuachie wosia?" Akacheka nao, akazima kompyuta. Alijaribu tena na tena, na kila mara alinyamazishwa na watu waliompenda, waliodhani kukataa kusikia kutamfanya abaki.

Adhuhuri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, wodini, alimshika mumewe mkono. "Baba watoto, lile neno..."

"Pumzika kwanza. Utaniambia tukifika nyumbani."

Hawakufika nyumbani. Alifariki jioni hiyo. Mumewe ameomba hili lisomwe kama lilivyo, kwa sababu linamuuma, nasi sote linatuuma.

Tulipotafuta picha ya ratiba hii, msaidizi wake wa kazini alikuja na vifaa vyake. Alihangaika sana, mwisho akaisukuma diski pembeni, machozi yakimlengalenga. "Hii kaifunga mwenyewe," akasema. "Haifunguki, na mwenzake vilevile." Ndiyo maana tumeazima picha ya kitambulisho kutoka ofisini kwao.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, mama mzazi, kaka mkubwa na wadogo wawili. Familia ina ombi moja. Yeyote mwenye picha yake akicheka, hata kama ametokea pembeni tu kwenye harusi ya mtu, asiondoke leo kabla ya kumwona mumewe. Na kama kuna jambo mtu wako anataka kukuambia, kaa chini umsikilize.

Pumzika salama, Mama Rudufu. Sasa tuko tayari kulisikia.