Orvin Tollefsrud, Aliyejenga Kibanda cha Magurudumu kwa Woga

Mimi ni Ardis, mdogo wake marehemu, nami ndimi niliyekabidhiwa kuyasoma haya. Msiba ninao kama ninyi nyote, lakini leo woga umeupita msiba. Mnajua kwa nini. Kibanda cha Orvin cha kuvulia samaki juu ya barafu bado kiko katikati ya Ziwa Halvor, barafu imeshageuka nyeusi, ishara kwamba imeoza na haibebi tena, na Marvel, mjane wake, aliyekaa hapa kiti cha mbele, ametangaza kwamba tukitoka makaburini ataenda kukivuta mwenyewe.

Marehemu Orvin Selmer Tollefsrud alizaliwa tarehe 14 Novemba 1951, katika shamba la wazazi wetu huku kaskazini mwa Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza wa Selmer na Borghild Tollefsrud. Alibatizwa katika kanisa hili hili. Mama alikuwa akisema alikuwa mtoto mchangamfu, asiyejua kuogopa kitu, na kila baridi ilipoingia alishinda ziwani akiteleza na watoto wenzake mpaka aitwe kula.

Tarehe 7 Aprili 1962, Baba alipita na pikapu juu ya barafu kwenda kukitoa kibanda chake ziwani kabla haijayeyuka. Alikuwa amechelewa, maana ng'ombe walikuwa wakizaa na hakuwa na wa kumwachia zizi. Orvin na mimi tulisimama ufukweni. Baba alishusha kioo akasema, "Dakika kumi tu, halafu twende tukanywe kahawa." Pikapu iliinama mbele kama ng'ombe anayepiga magoti, ikazama na Baba ndani. Hatukusikia hata kelele. Orvin alinishika koti kwa nyuma na hakuniachia mpaka watu wazima walipofika, na hata hapo ilibidi wamfungue vidole. Tangu siku ile hakukanyaga tena barafu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Alisoma hapa hapa mjini akamaliza sekondari mwaka 1969. Haikuwa rahisi. Kwetu kijana asiyekwenda ziwani wakati wa baridi huonekana si mzima, na wenzake hawakumwonea huruma. "Orvin, hata paka wetu yuko ziwani!" walimpigia kelele. "Basi msalimie," aliwajibu, akaenda zake. Baadaye alijifunza ufundi wa kuchomelea vyuma huko Thief River Falls, na kuanzia mwaka 1972 hadi alipostaafu mwaka 2013 alikuwa fundi wa gereji ya mabasi ya shule. Hakuna basi lililotoka pale asubuhi kabla hajaujaribu mlango wa dharura kwa mkono wake. Madereva walikuwa wakimcheka, lakini walimsubiri.

Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na Marvel Aasen. Alimpenda kwa yote isipokuwa moja: Marvel alikuwa mvuvi kweli kweli. Barafu ikishaweza kubeba mtu, alichukua toroli lake la kuburuta juu ya theluji, akaenda kukaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya tundu alilotoboa kwenye barafu, kutwa nzima. Orvin alisimama ufukweni na darubini, miguu ikimganda. Siku moja Marvel alirudi na samaki wake akamkuta midomo imekuwa ya buluu.

"We Orvin, una akili kweli? Si ungekaa nyumbani uote moto!"

"Nikikaa nyumbani naogopa zaidi."

"Basi njoo huku tuogope wote."

Hivyo ndivyo alivyoanza kujenga. Vibanda vya wengine hukaa juu ya magogo, na vikigandiana na barafu mtu hupoteza siku nzima kuvichimbua kwa shoka. Orvin alitaka kitu cha kushuka kikakaa chini, na kikitakiwa kuondoka kiinuke juu ya magurudumu yake na kuondoka hapo hapo. Alitoa ekseli kwenye trela bovu la kubebea majani ya ng'ombe, akachomelea fremu ya mabomba, akachukua viti viwili vya manjano na madirisha kutoka basi la shule lililotupwa. Kila uwazi aliukata kwa kipimo kimoja, nacho ni mabega ya Marvel akiwa ndani ya koti zito. Alimpima kwa utepe jikoni, huku Marvel akigeuza chapati za viazi na kumwambia asimtekenye. Mlango wa pili aliuweka juu ya paa, endapo kibanda kingeanza kuzama.

Jirani yetu Duane Kvamme alikuja kutazama, akazunguka mara mbili mikono mfukoni.

"Orvin, huo mlango wa juu wa nini?"

"Wa kutokea."

"Kwenda wapi, mbinguni?"

"Wewe cheka tu, Duane."

Kwa miaka zaidi ya thelathini alikaa ndani ya kibanda kile pembeni ya mkewe, na msidhani aliwahi kuzoea. Barafu ikinguruma alisimama. Januari ya mwaka 1989 theluji nyingi iliilemea barafu, na maji yakaanza kupanda kupitia matundu ya kuvulia ya sakafuni, kama inavyotokea kila mara. Orvin hakungoja maelezo. Alimkamata mkewe kiunoni, akamtoa nje na soksi tu miguuni, akamsukumia ndani ya pikapu.

"Orvin, ni maji ya theluji tu! Viatu vyangu!"

"Utaniambia tukifika ufukweni."

Walifika ufukweni, Marvel akamwambia, na nasikia aliendelea kumwambia hadi Pasaka. Viatu alivifuata yeye mwenyewe Orvin, kwa miguu, akitetemeka mwili mzima, kwa sababu mkewe alikuwa amevipenda viatu vile. Tulimwita mwoga miaka yote hiyo. Mimi sijui mwoga gani huenda kila siku mahali anapopaogopa kuliko kaburi, ili tu mtu mwingine asiwe peke yake.

Mapafu yake yalianza kuchakaa mwaka 2016, kwa moshi wa kuchomelea, walisema madaktari. Mwaka huu wa 2019, tarehe 2 Machi, alilazwa hospitali huko Grand Forks. Marvel hakubanduka kitandani pake, na ndiyo maana siku ya mwisho ya kisheria ya kuondoa vibanda ilipita, chao kikabaki peke yake ziwani. Orvin hakuogopa kufa. Niliketi naye, namjua. Alichokiogopa ni kile alichokisikia Marvel akimwambia Jumamosi, tarehe 6 Aprili.

"Usihangaike na kibanda. Nitakwenda asubuhi na mapema, barafu ikiwa bado ngumu. Ni dakika kumi tu."

"Baba naye alisema kumi," Orvin alimjibu.

"Baba yako hakuwa na magurudumu. Hiyo ni kazi ya mikono yako. Siwezi kuiacha izame."

Marvel alipotoka kutafuta kahawa, kaka yangu alinivuta karibu. Alikuwa akipata pumzi kwa shida. Alinikumbusha kwamba kibanda hakiinuki juu ya magurudumu bila winchi, na winchi ile aliitengeneza yeye, yenye tundu la pembe tano, kwa kuogopa wezi. Mkono wa chuma wa kuizungushia, unaoingia pale, ni mmoja tu duniani, na uko kwenye msumari nyuma ya mlango wa gereji ya nyumbani kwao. Akaniambia la kufanya nao. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi, Marvel akiwa amemshika mkono.

Ametutangulia kuwafuata wazazi wetu. Ameacha mjane, Marvel, binti, Karna, na mumewe Tomas, mjukuu, Signe, nami dada yake.

Marvel, wifi yangu, tangu Jumanne umepekua gereji yote, na uliponiuliza nilikwambia sijui. Najua. Mkono wa winchi uko ndani ya jeneza hili, chini ya kiganja chake cha kulia, na kifuniko kimeshafungwa. Alitaka uambiwe kanisani, maana alisema ni mahali pekee ambapo hungemkatiza. Kibanda kiache kizame. Duane na wenzake wameahidi kukitoa majini kiangazi kwa minyororo. Orvin alisema alikijenga ili wewe urudi nyumbani, basi rudi nyumbani.

Mungu ampe kaka yangu usingizi usio na woga. Mkewe yuko nchi kavu.