Wasifu wa Fundi Aliyepunguza Nguo Kimyakimya

Ndugu na marafiki, nilipoombwa kuandika maneno haya, mjane wa marehemu alinipa sharti moja: nisimvike mumewe kilemba cha ukoka. Alisema mumewe alimdanganya mara mbili katika ndoa yao, na mara zote mbili zisemwe hapa, mbele yake. Mimi ni dada wa marehemu, niliyemfuata kwa kuzaliwa, na wifi yangu akishasema jambo huwa sibishani naye.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi tu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka ambako baba yetu alifanya kazi. Alikuwa mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume. Tangu utotoni alikuwa mwembamba, mla polepole na mwepesi wa kucheka.

Alianza shule ya msingi Januari 1965. Mama alimnunulia kaptura kubwa kuliko yeye, kwa hesabu ya kila mama mwenye watoto wengi, kwamba mtoto atakua na kaptura itamwenea. Kaptura ikangoja, kaka hakukua. Alikwenda shule ameishikilia kiunoni, wenzake wakamwita Mkono Mmoja. Mwishowe alichukua sindano ya mama akaipunguza mwenyewe. Mama alipoiona alishika fimbo, akidhani kitambaa kimekatwa. Kaka akaigeuza ndani nje. Kitambaa chote kilikuwa kimekunjwa ndani ya mshono, kimeshikizwa kwa uzi mweupe ambao mtu angeweza kuufumua kwa kucha. Akasema, "Sijakata, mama. Nikinenepa nitakihitaji." Mama aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani kwetu hadi alipofariki.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akajifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha sare. Mwaka 1981 alifungua duka lake mwenyewe, kile chumba chenye mlango wa kijani mkabala na posta. Nguo ya mtu ikiletwa kupunguzwa, hakukata kilichozidi. Alikikunja ndani kama alivyofanya kwenye kaptura yake. Muuza magodoro wa mtaani kwetu aliwahi kumwambia akate tu, kitambi kimekwisha na hakirudi. Fundi akamjibu, "Mwili ni mpangaji. Ukiondoka hauagi, na ukirudi haupigi hodi." Mwaka haukuisha, muuza magodoro akarudi na suruali ile ile ameibeba mkononi, haipandi.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Walijuana kwa ugomvi. Mwalimu alileta sketi dukani, akapimwa, akasema vipimo si sahihi kwa sababu futi ya fundi imechakaa na kuvutika. Fundi akakataa katakata. Kesho yake Mwalimu alirudi na rula ndefu ya ubaoni, akailaza futi juu yake mbele ya wateja, na futi ikaumbuka. Fundi alinunua futi mpya akaenda nayo hadi shuleni kumwonyesha. Alimwita mkewe Mwalimu maisha yao yote, na yeye akamwita Fundi. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi wa umeme.

Sasa niseme la kwanza. Mwezi Februari 2009 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza kutundikiwa dawa ambazo zilimkondesha sana. Lakini hakujua kwamba anakonda, kwa sababu kila akivaa gauni lilimkaa vizuri. Fundi alikuwa akizipunguza nguo zake moja baada ya nyingine, Mwalimu akiwa amelala mchana, na kuzirudisha kabatini zimepigwa pasi. Mwalimu alifika mahali akabishana na mizani ya hospitali. Alimwambia muuguzi kwamba mizani hiyo mbovu, yeye gauni lake la mwaka jana linamwenea. Hadi siku alipotoa sketi ya zamani ndani ya sanduku ili aigawe. Aliijaribu, ikamdondoka hadi miguuni.

Alimkuta Fundi kwenye cherehani. Fundi alisema alitaka ajione yuko vilevile, ili asikate tamaa. Mwalimu akamwambia, "Mimi nafundisha hesabu. Ukinificha namba umenifanya mjinga." Fundi akala yamini kwamba hatagusa tena nguo ya mkewe bila yeye kujua. Mwisho wa mwaka 2010 madaktari walisema saratani imekwisha. Mwili uliporudi, waliketi pamoja kuzifumua nguo zile, na kitambaa chote kilikuwa humo ndani kinasubiri. Wifi yangu anasema hakuna kazi aliyowahi kuifurahia kama ile.

Miaka ikapita, tukasahau hata harufu ya korido ya hospitali. Tarehe 21 Agosti 2023 daktari alimwambia Mwalimu kwamba saratani ipo tena, safari hii katika titi la pili. Walitoka wakasimama koridoni karibu na ndoo ya mfagiaji, na Mwalimu akasema, "Sirudii. Mara ya kwanza sikujua kinachonisubiri. Sasa najua." Fundi hakumbembeleza wala hakumhubiria. Alisema, "Leo usiamue. Twende nyumbani, kuna suruali ya mtu nimeiacha mguu mmoja." Wakaenda. Siku chache baadaye Mwalimu alikubali kuanza dawa, kwa sharti kwamba kila namba itajwe kwa sauti.

Na zilitajwa. Kila Jumapili Fundi alimpima kiuno na kifua, akasoma futi bila kupunguza wala kuongeza. Gauni likihitaji kupunguzwa, lilipunguzwa mbele ya macho yake. Alihamishia cherehani sebuleni, na wateja mnakumbuka mlivyofuata nguo zenu huko mkamkuta mgonjwa kwenye kochi akiwasahihisha hesabu ya chenji. Alimpeleka kila awamu ya dawa, akamngoja kwenye benchi la nje na kazi mapajani. Siku za kutapika alishika beseni. Siku za hasira, na zilikuwa nyingi, aliziacha zipite. Kila baada ya awamu Mwalimu alisema hiyo ndiyo ya mwisho, na sisi wote tukawa tunaishi roho juu, hatujui kama ijayo atakwenda.

Mlio wa cherehani ndio uliomtuliza Mwalimu akiwa kitandani. Ukinyamaza aliita, "Kuna nini?" Fundi alijibu, "Uzi umekatika." Kuanzia Januari mwaka huu uzi ulikatika mno. Mimi mwenyewe nilimwambia abadilishe duka la uzi, anauziwa takataka. Alicheka, akasema atabadilisha.

Uzi haukuwa na kasoro. Ni yeye aliyekuwa ameinama juu ya meza akingoja maumivu ya tumbo yapite. Januari aliaga kwamba anakwenda kununua vifungo, kumbe alikwenda hospitali nyingine. Huko aliambiwa ana saratani ya kongosho, imeshasambaa, na kilichobaki ni dawa za maumivu. Aliziweka ndani ya kopo la vifungo. Aliamua mkewe amalize awamu zake zote kwanza, ndipo aambiwe. Sote tulimwona kila siku na hakuna aliyemwona anakonda, kwa sababu suruali zake zilimkaa vizuri. Ndiyo mara ya pili aliyodanganya.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tarehe 8 Aprili 2024 Mwalimu alikuwa ndani akitundikiwa dawa, na Fundi yuko kwenye benchi lake na pindo la suruali mkononi. Wauguzi walipita wakadhani anasinzia. Alipoteleza chini ndipo walipomkimbiza wodi ya wanaume. Daktari akatueleza yote aliyokuwa akiyajua mgonjwa. Mwalimu alishushwa kwa kiti cha magurudumu, plasta ya sindano ikiwa bado mkononi. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Maliza dawa zako kwanza."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Januari."

"Uliniapia."

"Niliziapia nguo zako, Mwalimu. Zangu sikuziapia."

Ningependa kuwaambia kwamba walicheka. Hawakucheka. Fundi alimwomba amuahidi kwamba atamalizia awamu mbili zilizobaki. Mwalimu aliutazama ukuta. Alimwomba tena siku ya pili, na tena alfajiri ya tarehe 11 Aprili, na kila mara Mwalimu alimshika mkono lakini neno hakutoa. Asubuhi hiyo kaka yetu alifariki, bila jibu.

Baada ya hapo Mwalimu alisema haendi tena. Binti yake alimlilia, mimi nikamgombeza, ambalo si jambo la kumfanyia mfiwa. Alisema kwa upole kwamba aliyekuwa akimpeleka hayupo, na kwamba amechoka kuwa mtu ambaye wengine wanakufa wakimficha mambo.

Juzi tuliingia chumbani kwao kuchagua suti ya kumzika nayo. Mwalimu alitoa suruali kabatini, akaipima kiuno kwa macho, akaketi kitandani. Akaigeuza ndani nje. Anajua pa kutazama, alifundishwa na mwenyewe. Ndani hamkuwa na mkunjo. Kitambaa kilichozidi kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, kando ya mshono, safi. Akatoa suruali ya pili, na nyingine, na zote alizopunguza tangu Januari. Zote zilikuwa zimekatwa. Mtu ambaye hakuwahi kukata kitambaa cha mteja, hata cha muuza magodoro, alikata cha kwake.

Wifi yangu hakulia. Aliinuka akachukua gauni lake jeusi, hili alilovaa leo, ambalo Fundi alimpunguzia mwezi Machi, akiwa anaijua hali yake mwenyewe vizuri kabisa. Akaligeuza. Pande zote mbili kitambaa kilikuwa kimekunjwa ndani, chote, kimeshikizwa kwa uzi mweupe.

"Zake alikata, wifi," alisema. Akaliweka gauni mapajani, akapitisha kidole kwenye ule uzi. "Langu hakukata."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, na binti akaja kuuliza kuna nini akatukuta hivyo. Tulipotulia, Mwalimu alimuuliza binti yake awamu inayofuata ni tarehe ngapi. Kisha akanigeukia akasema niandike yote, na niandike hivyohivyo.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, dada wawili ambao ni mimi na mkubwa wetu, na cherehani ambayo binti amesema haiuzwi. Ameacha pia nguo za baadhi yenu zilizoishia mguu mmoja. Njooni mzichukue, na msitulaumu kwa mishono.

Tarehe 29 mwezi huu Mwalimu anakwenda kutundikiwa dawa. Nitakaa mimi kwenye lile benchi. Sijui kushona, lakini kukaa najua.

Fundi, kaka yangu, sasa pumzika kwa amani. Jibu lako umelipata, na kitambaa cha Mwalimu kipo chote.