Mzee Nukta na Saa ya Mlimani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Nukta, mtunza saa mkuu wa maabara yetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Idara ya Utumishi imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa moyo hautaki.

Jina hilo tulimpa sisi. Ukimwambia kikao ni saa tatu hivi, alisimama mlangoni kungoja umweleze hiyo "hivi" ina urefu gani. Wageni walimwona mkorofi. Sisi tuliokaa naye katika chumba kile cha baridi, ambako mashine zilitunzwa vizuri kuliko watu, tulijua ni mtu wa utani asiyeweka kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kuipatanisha saa yetu kuu na ile ya kituo cha mlimani, iliyotunzwa na mdogo wake wa tumbo moja. Njia yenyewe ni rahisi. Unatuma ishara ya redio, kituo kinairudisha, unapima muda wa kwenda na kurudi, unaugawa mara mbili, kisha unatangaza kwamba ilipofika kule, hapa ilikuwa saa fulani. Mabenki na viwanja vya ndege vinaishi kwa hesabu hiyo na havina wasiwasi. Aliyekosa raha ni Mzee Nukta peke yake. Nani kasema kwenda na kurudi huchukua muda sawa? Ili upime kwenda tu, unahitaji saa mbili zilizokwisha kupatana. Na ili zipatane, lazima kwanza uujue muda wa kwenda. Aliapa hatastaafu kabla ya kulifungua fundo hilo.

Ndipo alipobuni safari ya saa. Alichukua saa ya tatu, akaipatanisha na ya hapa, akaipakia garini na kuifunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Mkurugenzi alibanana nyuma na betri. Saa ilikaa mlimani wiki nzima, na iliporudi ikakutwa imetangulia, kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida asingejali hata kidogo. Sisi tulijali. Dereva akasimamishwa kazi kwa kosa la kuitikisa. Mzee Nukta ndiye aliyemtetea mbele ya uongozi: saa ikikaa mlimani hukimbia kuliko ya bondeni, ndivyo maumbile yalivyo, na mashimo ya barabarani hayahusiki. Dereva akarudishwa, na tangu siku hiyo akawa anaendesha taratibu mno, hata wenye baiskeli walimpita wakimpungia mkono.

Lakini safari haikutoa jibu. Mwendo nao huibadili saa, na huwezi kujua umeibadili kiasi gani bila saa mbili zilizopatana. Mzee akawa amerudi palepale. Mdogo wake alimcheka kwa simu: "Kaka, hayo ni makubaliano tu. Mimi na wewe tumekubaliana, basi, yamekwisha." Naye alimjibu: "Ukweli haupigiwi kura, bwana mdogo." Ubishi huo ulidumu miaka nenda rudi, na nadhani ndio uliowaamsha wote wawili asubuhi.

Mwaka jana, Alhamisi moja, simu ya mlimani haikupokelewa. Mzee hakushtuka. Alitazama mashine, akaona ishara zinarudi safi, akatuambia tukinywa chai: "Mdogo wangu hajambo. Kazi inakwenda." Ijumaa ikawa vilevile. Jumamosi dereva alipopanda na chakula cha wiki, alimkuta sakafuni, kando ya mashine iliyokuwa ikiendelea kujibu. Daktari alisema amefariki siku moja au mbili zilizopita, zaidi ya hapo hawezi kusema. Sisi tunaoigawa sekunde vipande bilioni hatukujua ndugu yetu alikufa lini.

Msibani Mzee Nukta aliniuliza swali moja: "Mimi nilipokuwa nacheka na kikombe changu, yeye alikuwa bado yupo?" Shaka aliyohangaika nayo maisha yake yote ilikuwa ndogo kuliko kufumba na kufumbua. Hii ilikuwa ya siku mbili.

Hajautaja tena muda wa kwenda. Saa yake ya tatu iko stoo, chini ya viti vibovu. Fundo analiacha kama alivyolikuta, na mimi ninayekirithi kiti chake sina hamu ya kuligusa. Kituo cha mlimani hakijapelekewa mtu mwingine. Mashine inajibu yenyewe, haichelewi wala haiombi likizo, na uongozi umeridhika kabisa.

Mzee wetu, ahsante kwa saa ambazo hazikuwahi kutuaibisha, kwa utani wako, na kwa kumsimamia dereva wakati sisi wengine tulitazama pembeni. Tunakuombea umri mrefu na usingizi mzuri. Tutakupigia simu, nawe utapokea na kusema hujambo, kama wasemavyo watu wote. Hatutaamini. Tutakuja hadi kwako, tugonge mlango, tukuone kwa macho.