Pombe ya Daraja

Tangu gari litoke Sumbawanga, Mboje na Yusto hawakunyamaza.

"Madiwani wenu ndio waliogomea bajeti ya halmashauri!" alifoka Mboje.

"Wamegoma kwa sababu mkurugenzi kalifuta daraja letu kwenye bajeti hiyo!" akajibu Yusto.

Coleta, aliyekaa kati yao, alishachoka kurushiwa mate ya pande zote mbili.

Gari likasimama mtoni. Daraja bado lilikuwa limevunjika, kwa hiyo abiria wote walishuka kuvuka kwa miguu. Coleta akapandisha kitenge.

"Sisi wanawake wa ng'ambo tumeshapika pombe ya ulezi," akawaambia. "Jumamosi tunalijenga daraja wenyewe, tukimaliza tunakunywa, kama tunavyolimiana mashamba. Nyie endeleeni kubishana. Ila asiyebeba mawe, awe wa diwani au wa mkurugenzi, ataishia kunusa."