Mzee Jailos na Njia Isiyotumika

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Kitulo Mtandao, Mzee Jailos Mwandemele, Mkuu wa Kitengo cha Njia, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wenye kumbukumbu watasema habari hii walishaisikia. Ni kweli. Ukumbi huu ulishapambwa kwa ajili yake mwaka juzi, ukapambwa tena mwaka jana, na mara zote mbili uongozi ulimwomba abaki kidogo, hadi atakapopatikana wa kuziba pengo. Mara ya pili keki ilikuwa tayari imeandikwa jina. Tuliila ofisini kimya kimya, naye akala kipande chake kisha akarudi mezani kwake.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Sabina Kihwele wa dawati la wateja, niandike wasifu huu na nisisahau mafanikio. Nimehangaika nayo. Meneja wa mauzo akistaafu utataja wateja aliowaleta, na fundi ujenzi utaonyesha majengo. Kazi ya Mzee Jailos ilikuwa kuhakikisha kwamba jambo fulani halitokei, na kwa sehemu kubwa halikutokea. Sasa hapo mtu anaandika nini?

Kwa wale waliokuja leo kwa ajili ya pilau, nieleze kidogo. Mawasiliano yetu kati ya Mbeya na Iringa hupita kwenye mkongo uliofukiwa kando ya barabara kuu, kupitia Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga. Hiyo ndiyo njia kuu. Ipo pia njia ya akiba, ambayo ni minara ya redio inayotazamana kutoka kilima hadi kilima. Njia hii haibebi kitu. Imewashwa, inakula umeme, inasubiri mkongo ukatike. Ukikatika, vile vifaa vinavyochagua njia, yaani ruta, huhamishia kila kitu huko juu, na mtu wa Mgololo anayetuma oda ya karatasi hajui kama dunia ilitaka kumwangukia. Minara hiyo aliipanga Mzee Jailos, na wakati wa kuisimamisha alipanda nayo milimani kwa miguu, akiwakaripia wabebaji na mvua kwa sauti ileile.

Alizaliwa Tukuyu, kwenye migomba, na migomba hakuiacha. Waajiriwa wapya aliwafundisha hivi: "Kwetu mgomba hauachwi peke yake. Mama anabeba mkungu, mwana yuko pembeni, mjukuu anachungulia. Ukiona mtu kang'oa machipukizi yote eti mama anenepe, huyo mwakani atakuja kwako kuomba ndizi." Baada ya hapo aliwaambia kwamba katika Nyanda za Juu Kusini nzima hakuna anayeijua kazi hii kumzidi yeye. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa vipaji vyake, na hakuwahi kudai kwamba ni miongoni mwa vipaji vyake.

Alitembea na miavuli miwili. Harusi ya Jackline wa mapokezi, yeye akiwa mwenyekiti wa kamati, iliandaliwa na jenereta mbili, wapiga picha wawili na washereheshaji wawili, mmoja akiwa wa akiba. Mshereheshaji mkuu alifika salama. Yule wa akiba, aliyekwishavaa suti, hakuona sababu ya kukaa kimya, na kwa muda mrefu bibi harusi alikaribishwa ukumbini na huyu huku akiombwa na yule asubiri kwanza mlangoni. Mzee Jailos hakuona aibu. Jumatatu yake aliitumia harusi hiyo kufundishia kitengo chake kwamba njia mbili zikisema pamoja bila utaratibu, ni afadhali ungekuwa na moja.

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka Makongolosi ni Alhamisi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mchana kweupe, watu wakiwa kazini, Mzee Jailos aliikata njia kuu kwa mkono wake ili aone kama ya akiba itashika. Kampuni nyingine hufanya majaribio hayo watu wakiwa wamelala. Yeye alikataa. "Mwavuli haujaribiwi sebuleni," alisema, na mjadala ukawa umeisha. Kwa kawaida ya akiba ilishika mara moja. Siku ambazo haikushika mara moja, simu zililia kwangu. Bwana Yotamu, mnunuzi wa dhahabu wa Makongolosi, aliacha hata kunisalimia. Alianza tu: "Sabina, huyo mzee wenu kakata tena? Mwambieni akakate kwake!" Mimi nilijibu kwa sauti ya huduma kwa wateja kwamba tunaboresha huduma. Ilikuwa kweli, ingawa hakuna mteja aliyewahi kuliamini neno hilo, na hatuwalaumu.

Bwana Shamsudin, Meneja wetu wa Fedha, ni mtu makini ambaye hapendi kuona kitu kikikaa bure. Miaka kadhaa iliyopita aligundua kwamba kampuni ina njia nzima milimani isiyofanya kazi yoyote. Aliiita mfanyakazi hewa. Mzee Jailos alipinga kwa maneno ambayo Bi Rozalia wa utumishi aliomba yasiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na uongozi ukaamua njia hiyo ianze kuchangia. Tukaipa kamera za ghala, tukaipa wateja wapya wa Soweto ya hapa Mbeya, na hatimaye tukaipa televisheni ya kantini, tukatazama mpira bila kukwama hata kidogo. Ulikuwa msimu mzuri. Kisha siku moja kijiko cha wajenzi wa barabara kikachimbua mkongo wetu karibu na Igawa, mzigo wote ukapanda milimani, na huko ukakuta nyumba imejaa wageni. Hakuna kilichopita, cha zamani wala kipya. Mzee Jailos alianza kwa kuzima televisheni ya kantini, timu yetu ikiwa inaongoza, na mpaka leo wapo wasiomsamehe. Bwana Shamsudin hakurudia tena lile neno la mfanyakazi hewa. Kwenye taarifa iliyofuata aliiita njia hiyo "rasilimali ya kimkakati", na kwa mtu wa fedha hilo ni kuomba radhi kwa magoti.

Sasa nifike kwenye lile pengo. Kwa miaka miwili uongozi umetafuta mrithi wa Mzee Jailos. Umetangaza magazetini, umeita watu kutoka Dar es Salaam na Arusha, umewasaili, umewalaza hotelini. Muda wote huo, kwenye meza iliyogusana na ya Mzee Jailos, alikaa Bi Naima Alawi, binti wa muuza vitambaa wa Miyomboni, Iringa, naibu wake kwa miaka tisa. Naima ndiye aliyepanda minara mzee alipoanza kuumwa magoti. Ruta zote anazijua. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuna aliyewahi kumtumia. Jambo lolote likitokea, viongozi walipita mbele ya meza yake kwenda kumwamsha mzee, hata akiwa likizo, hata akiwa msibani. Siku moja alinieleza, bila kununa, kwamba yeye ni mnara: anawashwa, anasubiri. Nililia kidogo chooni, kwa sababu mimi sijui kuvumilia hivyo.

Nyumbani Tukuyu mke wa Mzee Jailos, Mama Tupokigwe, naye alikuwa anasubiri. Nyumba ilikwisha kujengwa, kahawa ilikomaa, na mume alikuja mwisho wa wiki na simu mbili mkononi. Mwezi Machi uongozi ulipoanza kuandaa mkataba wa tatu wa kumwongezea muda, Mama Tupokigwe alimpigia mwenyewe Mkurugenzi. Alimsalimia vizuri, akauliza habari za familia, akasema: "Baba, mimi niliolewa na mtu. Mnara sikuomba." Mkurugenzi aliahidi kulitazama suala hilo, na mkataba ukaendelea kuandaliwa.

Ndipo ikaja Alhamisi ya kwanza ya Aprili. Mzee Jailos alifika asubuhi, akatangaza kama kawaida kwamba leo anajaribu njia ya akiba, akaja kwenye meza yangu na kuziweka simu zake zote mbili kwenye droo. Aliifunga, akachukua mwavuli mmoja, akaenda stendi, akapanda basi la Tukuyu. Tulidhani amekwenda kukagua mnara. Njia kuu hakuigusa. Alichokata siku hiyo kilikuwa yeye mwenyewe.

Mungu naye ana utani wake. Asubuhi hiyohiyo ruta yetu ya Iringa, baada ya marekebisho madogo ya kawaida, ilianza kuwatangazia wenzake kwamba inaijua njia ya kwenda kila mahali, wakati haikujua hata ya kwenda sokoni. Wenzake waliiamini. Kila kitu kikapelekwa Iringa, Iringa ikakirudisha Makambako, Makambako ikakirudisha Iringa, kama barua ya uhamisho wa mwalimu. Njia ya akiba haikuamka, kwa kuwa hairuhusiwi kuamka kama njia kuu ni hai, na njia kuu ilikuwa hai kabisa: taa za kijani, mkongo mzima. Ilikuwa inadanganya tu. Hospitali mbili tunazozihudumia zilikuwa zinasubiri majibu ya vipimo, na Bwana Yotamu alikuwa ameshanipigia.

Bwana Shamsudin alishuka ngazi na simu sikioni, akimpigia Mzee Jailos. Droo yangu ikaita. Akakata, akapiga namba ya pili. Droo ikaita tena, kwa mlio wa kwaya. Tulikuwa tumesimama wote pale, tukiitazama droo.

Naima alisema kwamba atakata njia kuu kwa mkono. Bwana Shamsudin alimwambia asubiri, mzee atapatikana, watu watume gari Tukuyu. "Ukiikata na huko juu kusishike, tumebaki na nini?" aliuliza. Na halikuwa swali la kijinga.

"Kutashika, kaka Shamsudin," Naima alimjibu. "Nimeona kukishika kila mwezi kwa miaka tisa." Akakata.

Kisha simu zangu zikaacha kulia, moja baada ya nyingine. Baadaye kidogo Iringa walitutumia ujumbe wakishangilia kwamba ruta yao imepona, turudi. Naima alikataa kurudi. Aliwakumbusha somo la mzee kuhusu shemeji aliyetoka kwa ugomvi: akirudi, mpe kiti, usimpikie siku ya kwanza, ngoja uone kama atalala. Kweli, ruta ile iliugua tena na kupona tena mchana ule, na wateja wetu hawakujua, kwa sababu walikuwa milimani.

Mzee Jailos alirudi Jumatatu, amenawiri, na mkungu wa ndizi begani kwa kijana wa bodaboda. Aliuliza kwa sauti ya juu kama tulimtafuta. Nilimfungulia droo. Alizitoa simu, ambazo nilikuwa nikizichaji zisizimike, akavaa miwani, akapitia kwa fahari orodha ya waliompigia, mmoja mmoja, akitaja vyeo vyao. Kisha akaanza kutazama saa. Simu zote zilikuwa za kabla ya saa tano asubuhi ya Alhamisi. Baada ya hapo, hadi Jumatatu ile, hakuna mtu aliyempigia, hata kwa bahati mbaya.

"Kumbe imeshika," alisema.

Nilimwuliza kama amefurahi. Alisema amefurahi sana. Kisha akasema, kwa kuwa hajui kuficha kitu, kwamba imemuuma pia, na kwamba hakuna aliyemfundisha kuwa jaribio likifaulu huuma namna hii. Akaenda kwenye meza ya Naima, akampa mkungu mzima, akamwita "mkuu" mbele ya Bwana Shamsudin. Mkataba wa tatu haukusainiwa. Kuanzia tarehe 1 Julai Bi Naima Alawi ndiye Mkuu wa Kitengo cha Njia, na tayari amepewa naibu, ambaye ameagizwa kununua mwavuli.

Basi, mafanikio ya Mzee Jailos, kama kamati ilivyotaka, ni haya: anaondoka, na hakuna kitakachotokea. Ni sifa ambayo wengi wetu tungeikasirikia. Yeye aliifanyia kazi maisha yake yote.

Mzee wetu, ndaga fijo, kama wanavyoshukuru kwenu Tukuyu, na kutoka kwetu sisi wenyeji wa Iringa, asante sana. Nenda ukapumzike na Mama Tupokigwe. Tunakuombea migomba iliyonyooka, magoti yasiyokusumbua na usingizi usiokatwa na mtu yeyote wa ofisi hii. Ila ile droo nimeiacha wazi, na simu zako umezichukua, kwa hiyo uelewe jambo moja. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mchana kweupe, tutakupigia. Hatutakuwa na shida yoyote. Pokea tu, tusikie sauti yako, kisha tutakata. Njia ya akiba isiyojaribiwa si njia.