Madamu Anastasie Asende, Aliyengoja Watoto Waseme Wenyewe
*(Wasifu wa marehemu, unasomwa na binti yake, Arlette)*

Ndugu Wakristo, tunamsindikiza mama yetu tukiwa na machozi, lakini vichwa viko juu.

Anastasie Asende alizaliwa Fizi-Centre tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa tatu wa mzee Anatole, seremala, na mama Sangya, mkulima. Alibatizwa akiwa mchanga, na alipenda kutania: “Ile siku nililala tu. Kuamini nilianza nyuma, nikiwa mukubwa.”

Alisoma palepale Fizi, akapata diploma ya ualimu mwaka 1987. Tarehe 4 Agosti 1990 alifunga ndoa na Déogratias, muuguzi wa hospitali ya Nundu. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa hadi kambini Tanzania, ambako alifundisha chini ya hema. Walirudi mwaka 2007, wakakaa hapa Baraka.

Tangu hapo alifundisha dini darasa la saba na la nane, kwa watoto wanaojua katekisimu kwa kichwa lakini wameanza kujiuliza moyoni. Mwaka 2019, Kipaimara kikikaribia, alimwuliza kila mmoja kwa nini anakitaka. Immaculée, aliyekuwa amezika mdogo wake mwezi uliotangulia, alijibu:

“Madamu, nakuja juu papa yangu alisema. Mi sijue kama Mungu ananisikiaka.”

“Asante kwa kusema kweli, mwanangu. Ungoje kwanza. Tutaongea.”

Baba yake Immaculée, mzee Albert, mkubwa wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, alifika kwetu akiwaka hasira.

“Madamu, unaniharibia mutoto! Batu batasema nini?”

“Papa Albert, batu baseme yabo. Mutoto aseme yake.”

Parokiani kukaitwa kikao, wengine wakitaka anyang’anywe darasa. Mama hakurudi nyuma, akaachiwa darasa lake, na mwaka ule Immaculée hakupokea Kipaimara.

Lakini alikuwa akifuatana na mama na wanafunzi wenzake kutembelea wagonjwa, bila kulazimishwa. Mwaka uliofuata walimkuta mama Kampire, Mprotestanti aliyekimbia vita kule Minembwe, amemshika mtoto mwenye homa kali. “Muniombee,” alisema. Wanafunzi wote wakamtazama mama. Mama akasogea pembeni, akawaachia nafasi. Ndipo Immaculée akapiga magoti, akaomba kwa maneno yake, akimlilia pia mdogo wake aliyemzika.

Njiani alisema: “Madamu, nimemuambia Mungu nilimukasirikia. Na hakuniacha.”

Mtoto wa Kampire alipona. Mwaka 2021 Immaculée aliomba Kipaimara mwenyewe, akamjibu askofu kwa sauti iliyosikika hadi nje ya kanisa. Aliyeanza kupiga makofi ni mzee Albert. Kesho yake alileta kuku kwetu: “Nilitaka mutoto afate imani yangu. Sasa yeye iko na yake.” Mwaka huohuo darasa la mama likajaa kuliko wakati wowote.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, akatibiwa Nundu, kisha Bukavu. Katika wiki yake ya mwisho wanafunzi wa zamani walijaza ua wetu. Mpwa wake Lionel alitaka kumwita katekista aongoze sala. Mama akakataa: “Hapana. Batoto benyewe baombe.” Wakaomba, mmoja baada ya mwingine, yeye akisikiliza na kutabasamu. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, kengele ya misa ya kwanza ikilia.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na vijana wa Baraka, Nundu na Fizi ambao leo wanamwamini Mungu wenyewe, bila kutumwa na mtu.

Mama, umeshinda. Pumzika katika amani ya Yule uliyemtumikia.