Dakika Arobaini za Profesa Narcisse Bizimana

Wapendwa majirani wa Mbugangari, ndugu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, padri wetu, walimu na wanafunzi wa marehemu, historia hii imekwisha kusomwa kwa Kinyarwanda na mwanawe Cyusa, na sasa inasomwa kwa Kiswahili na dada mkubwa wa marehemu, Mukandutiye, ambaye familia imemwomba asiongeze ya kwake, naye ameahidi kujaribu.

Marehemu Profesa Narcisse Bizimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Masisi, Kongo, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kuuliza "nani amekuambia?" kabla hajajua kuomba maji, maana hata ukimwambia chakula kimeiva alitaka kujua habari hizo umezipata wapi. Alisoma shule ya msingi hukohuko Masisi kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari mjini Goma hadi 1987, kisha chuo kikuu Kisangani, alikohitimu elimu ya jamii mwaka 1993, na mwaka 1996 akavuka kuja Rwanda pamoja nasi, tukakaa hapa Gisenyi, yeye akiwa na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu, na aliyeyabeba hayo matatu ndiye huyu anayewasomea.

Alifundisha sekondari kuanzia 1998, akaanza kuchunguza jinsi wasikilizaji wanavyoziamini habari za redio, akapata udaktari wake nchini Ubelgiji mwaka 2013, na tangu hapo hadi kuugua alikuwa mhadhiri na mtafiti wa habari za mitandaoni na maoni ya umma, yaani, kwa lugha ya nyumbani, alilipwa kusoma WhatsApp. Alikuwa mwanachama wa magrupu sitini na mawili, ya wauza viazi, ya wanakwaya, ya madereva, hata la akina mama wajawazito wa Kanama, ambako aliondolewa kwa heshima.

Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa hapa mjini na Epiphanie Umutesi, muuza vitenge, ambaye wakati wa uchumba alimpelekea dodoso la maswali kumi na mawili, Epiphanie akajibu moja tu, la mwisho, na likatosha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Belise mwaka 1999 na Cyusa mwaka 2003, wote wakiwa hapa leo.

Tunafika sasa kwenye tarehe 18 Mei 2019, siku ya Jumamosi, ambayo kwa marehemu mwingine ingekuwa mwisho wa historia, lakini kwa Narcisse ilikuwa katikati. Wiki hiyo alihitaji picha ya kupeleka kwenye mkutano, akapigwa na mpiga picha mmoja wa Mahoko ambaye mashine yake ilikuwa imeishiwa wino wa rangi, picha ikatoka nyeusi na nyeupe, naye akaipenda kwa sababu ilimwonyesha kama msomi, akaiweka kwenye WhatsApp yake, yeye mtaalamu wa mambo hayo, asikumbuke jambo ambalo kila mtu hapa mjini analijua, kwamba picha ya mtu ikipotea rangi kwenye simu, mwenyewe ametutoka. Asubuhi hiyo alipanda Bugeshi kuwahoji wakulima, akazima simu kwa kuwa alifundisha kwamba mtafiti hashiki simu mbele ya anayehojiwa, na ilipofika saa nne Dauda, msimamizi wa grupu la majirani, aliiona picha ile, akaandika "pole sana familia", watu mia mbili wakajibu kwa mikono ya kusali, saa sita, humohumo ndani ya grupu, pikipiki ikawa imemwangusha kwenye barabara ya Bugeshi, na saa saba alikwisha kupatikana mtu aliyeiona hiyo pikipiki kwa macho yake.

Epiphanie alimpigia simu mara kumi na saba, haipatikani, akatoka dukani na kiatu kimoja, akafika nyumbani akakuta Latif, mshonaji, jirani yetu anayekodisha mahema, amekwisha kupanga viti.

Narcisse alirudi saa kumi alasiri, kajaa vumbi la Bugeshi, kofia machoni, akamuuliza mgeni mmoja getini ni nani aliyefariki, naye mgeni akamjibu, "Iko profesa moja wa hapa, alikuwa anajua sana, lakini alikuwa anauliza sana." Mtu mwingine angecheka, au angelia, au angekimbilia ndani, Narcisse akatoa daftari, akamuuliza mgeni habari hizo kazipata kwa nani, na saa ngapi, kisha akamwendea wa pili, kisha wa tatu, akichagua waliotoka mbali wasiomjua sura, hadi akafikia mtu wa kumi na tisa, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye kitenge, ambaye ni huyu anayewasomea, aliyeinua macho, akapiga ukelele, akaanguka na viti vitatu vya Latif, na kabla hajainuliwa aliulizwa alipata habari saa ngapi, akajibu, saa tano na robo, na jibu hilo limo katika utafiti.

Kwa ukelele ule Epiphanie alitoka ndani, akamwona mume wake yu hai na kalamu mkononi, akamkumbatia mbele ya watu wote, akamshukuru Mungu, kisha akalichukua lile daftari akasoma, na kwa kuwa Narcisse alikuwa mtafiti makini aliyeandika muda, akaona jibu la kwanza saa kumi na dakika tano, la mwisho saa kumi na dakika arobaini na tano. Kwa wiki tatu alizungumza naye kupitia kwa Cyusa, "Ambia profesa chakula iko juu ya meza", na baada ya hapo alizungumza naye vizuri, alicheka naye, alimfulia, lakini utafiti ulipochapishwa mwaka 2020 na kusifiwa hadi ng'ambo, hakuugusa, aliuita "ile karatasi", na zile dakika arobaini alizoachwa mjane hakuzisahau, wala sisi wa nyumbani hatukumlaumu.

Mwezi Februari 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hapa na Kigali, akafariki Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 57. Familia ilipoandika habari hiyo kwenye grupu, wa kwanza kujibu aliweka vichwa vinavyocheka, wa pili akauliza kama hii ni awamu ya pili, Dauda akatuonya kwamba habari zisizo na uhakika ni marufuku, na Latif alikataa katakata, akisema, "Mi sileti tena hema, kwanza nimuone na macho yangu", ikabidi apelekwe hospitali, akamwona, akarudi analia mpaka akashindwa kufunga kamba. Ndiyo maana wengi wenu mlijulishwa kwa miguu, mlango kwa mlango, na huyu anayewasomea bado anaumwa magoti.

Limebaki jambo moja, na wifi yangu Epiphanie hajalisikia. Mwezi Agosti mwaka huu marehemu aliliandikia jarida lililochapisha utafiti wake, akaomba liweke masahihisho, na tarehe 2 Novemba, kitandani, alimkabidhi huyu anayewasomea nakala aisome siku kama ya leo, naye akamwambia, "Si umuambie we mwenyewe, iko hapa inje na supu yako", Narcisse akajibu kwamba amejaribu mara tatu, na kila mara Epiphanie alimuuliza kama amekunywa dawa. Masahihisho yenyewe ni haya:

"Katika ukurasa wa kumi na nne mwandishi alisema kwamba habari ile ya uongo haikuacha madhara ya kudumu. Si kweli. Mwandishi alimsikia mke wake akilia tangu alipofika getini, akaijua sauti yake, akaendelea kuandika. Haikuwa kazi peke yake. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu anayeweza kumlilia namna ile, akapenda kusikiliza kidogo zaidi. Alikosea, naye anaomba radhi."

Jarida lilijibu kwa adabu kwamba haliwezi kuyachapisha, kwa kuwa yanamhusu mtu mmoja tu, na idadi hiyo haitoshi. Narcisse aliwarudishia mstari mmoja: "Mimi ananitosha."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipowauliza kila kipimo wamekitoa wapi, wenzake wa kazini, wanafunzi wake, Dauda aliyeomba msamaha ndani ya grupu, Latif kwa hema, mara zote mbili, na ninyi nyote mliokuja bila kujua kama mtamkuta amelala au amesimama getini.

Narcisse, mdogo wangu, yule uliyemchelewesha amesikia, tena ameketi hapa mbele na viatu vyote viwili. Lala sasa, usiulize tena. Safari hii tumehakikisha.